Maktaba iko Matasia, msomaji yuko Isinya: kuchagua proksi na mahali pa kuiweka

Mwanafunzi akiwa ndani ya maktaba yako hapo Matasia, simu yake ikiwa imeshika Wi-Fi ya chuo, makala ya JSTOR inafunguka bila swali. Akipanda matatu ya Kiserian na kuunganisha hadi Isinya anakolala, ukurasa ule ule unamdai dola. Hakuna kilichoharibika. Mchapishaji hamjui mwanafunzi wako. Anachokijua ni anwani ya IP ya chuo, ile namba mliyomwandikia siku ya kujisajili, na yeyote anayetokea kwenye namba nyingine kwake ni mpita njia. Proksi ni seva inayosimama katikati: inamuuliza mwanafunzi jina na nywila, ikiridhika inamwendea kwa mchapishaji ikitumia anwani inayotambulika, kisha inamrudishia ukurasa alioutaka.

Ninamwandikia mkutubi wa chuo kidogo. Vyuo vikuu vikubwa vina idara nzima ya kazi hii. Wewe pengine uko peke yako na msaidizi mmoja, pamoja na kijana wa ICT ambaye ndiye huyo huyo anayeitwa printa ya msajili ikigoma na projekta ya ukumbini ikizima. Kwa hali hiyo, usianze kwa kuuliza programu ipi ni bora. Anza kwa kuuliza ni nani atakayeitunza wakati wa likizo ya Agosti, na seva yenyewe italala wapi. Ukishajibu hayo kwa ukweli, nusu ya programu unazotangaziwa zinajiondoa zenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba unaihitaji

Chukua karatasi uandike kila mkusanyo wa majarida na vitabu mnaolipia au kupewa, na mbele yake uandike jinsi unavyomtambua msomaji: kwa IP tu, kwa nywila, au kwa utambulisho wa shirikisho (nitalieleza hili baadaye). Zoezi hili ni la asubuhi moja na huokoa fedha nyingi.

Mfano ni Research4Life, ambayo vyuo vingi vya hapa vinaitegemea: Hinari ya afya iliyoanza 2002, AGORA ya kilimo 2003, OARE ya mazingira 2006, ARDI ya teknolojia 2009 na GOALI ya sheria 2018. Hiyo tayari ina mlango wake. Fungua makala kupitia lango lao kisha utazame sehemu ya anwani kwenye kivinjari, utaona login.research4life.org imejipachika kwenye jina la mchapishaji. Hiyo ni proksi yao ikifanya kazi, kwa hiyo huna haja ya kuweka proksi juu ya proksi. Mkusanyo wa DOAJ uko wazi kwa kila mtu, na sehemu kubwa ya African Journals Online vilevile. Ukiona kwamba kati ya mikusanyo yako ni miwili tu inayong'ang'ania IP, na wachapishaji wake wako tayari kuwapa wasomaji wako akaunti za nywila, unaweza kufunga karatasi hiyo na kurudi kwenye kazi zako.

Kama bado unaihitaji, simu ya kwanza usimpigie muuzaji. Pigia KLISC, muungano wa maktaba za Kenya ulioanzishwa 2003 ambao hujadiliana bei na wachapishaji kwa niaba ya wanachama wake. Waulize vyuo vya ukubwa wako vinatumia nini na vinalalamikia nini. Kisha pigia KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa nchi hii uliopo tangu 1999, uulize kama chuo chako ni mwanachama na kinastahili huduma gani. Nimeona vyuo vikilipa ada za KENET mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya intaneti peke yake, maktaba isijue kwamba kuna vingine vya kuomba.

Inavyofanya kazi ndani

Elewa jambo moja la kiufundi, maana ndilo litakalokusumbua na ndilo muuzaji hupita nalo haraka. Proksi ya maktaba huandika upya anwani. Mwanafunzi anabofya kiungo cha www.jstor.org, lakini kwenye kivinjari chake anaona kitu kama www-jstor-org.proksi.chuochako.ac.ke. Kila kiungo ndani ya ukurasa unaorudi nacho kimebadilishwa hivyo hivyo, ili akibofya tena abaki ndani ya proksi asitoroke kwenda kwa mchapishaji moja kwa moja.

Tazama vistari vilivyochukua nafasi ya nukta. Sababu yake ni cheti cha usalama, kile kinachofanya kivinjari kikubali kwamba tovuti ni salama. Cheti cha nyota, yaani kile kinachokubali jina lolote mbele ya proksi.chuochako.ac.ke, kinafunika ngazi moja tu ya jina. Nukta zikibaki, www.jstor.org inakuwa ngazi tatu na kivinjari kinapiga kelele kwamba tovuti ni hatari. Vistari vinaifanya iwe ngazi moja. Ukiona mwanafunzi anakuletea picha ya onyo jekundu kwenye simu, mahali pa kwanza pa kutazama ni hapo.

Kutokana na utaratibu huu unahitaji vitu viwili kutoka kwa anayesimamia jina la chuo: rekodi ya nyota kwenye DNS (daftari la majina ya intaneti), na cheti cha nyota. Cheti si lazima kinunuliwe. Let's Encrypt wanatoa vya nyota bure tangu 2018, mradi uthibitisho ufanyike kwa kuandika rekodi kwenye DNS, na kila kimoja hudumu siku 90. Usikubali mtu akuambie atakuwa anavihuisha kwa mkono. Kampuni za vivinjari na za vyeti zimekwisha kukubaliana kwamba kufikia 2029 hakuna cheti cha umma kitakachozidi siku 47, kwa hiyo kazi hii iachiwe mashine kuanzia siku ya kwanza.

Kijana wa ICT atakuuliza mbona msiweke VPN tu. Inawezekana, na kwa wahadhiri wachache ni sawa. Kwa wanafunzi mia kadhaa wenye simu za kila aina, nasema hapana. Utakuwa unafundisha kila mmoja kusakinisha programu, na akisahau kuizima, video zake zote za usiku zinapita kwenye laini ya chuo. Squid, proksi ya kawaida ambayo pengine mmeshaitumia kubana matumizi ya intaneti, nayo inamtaka mwanafunzi abadilishe mipangilio ya kivinjari. Kwenye simu hiyo ni safari ndefu, na wengi wataishia njiani.

Za kuchagua

EZproxy ndiyo mkongwe. Iliandikwa 1999 na Chris Zagar, mkutubi wa chuo cha jamii huko Arizona, Marekani, ikauzwa kwa miaka mingi kwa dola 495 za mara moja, hadi OCLC ilipoinunua 2008 na baadaye kuifanya ya kulipiwa kila mwaka. Ni programu ndogo, haihitaji seva kubwa, inakaa kwenye Linux au Windows. Nguvu yake ni kwamba kila mchapishaji duniani anaijua. Ukimwandikia kwamba jarida halifunguki, atakutumia mistari ya kubandika kwenye faili yako ya config.txt. Udhaifu wake ni hiyo hiyo config.txt. Mchapishaji akibadilisha jina la seva moja ya picha, michoro ya makala inapotea hadi mtu aongeze mstari. Kama hakuna mtu chuoni anayeweza kufungua faili hiyo bila hofu, usiichukue ya kukaa kwako. OCLC wenyewe wana huduma ya kukuwekea na kukutunzia.

MyLOFT na RemoteXs, zote za kampuni ya Eclat Engineering ya India, zimeenea katika maktaba za vyuo vya Kenya. MyLOFT ina programu ya simu, na hilo ni jambo kubwa kwa wanafunzi ambao wengi wao hawana kompyuta. Kampuni ndiyo inayotunza kila kitu, wewe unaleta orodha ya wasomaji na ya majarida. Unachopoteza ni udhibiti: jambo likikwama, unaandika barua pepe na kungoja. Kabla ya kutia sahihi, omba majina ya maktaba tatu zinazoitumia uzungumze na wakutubi wake, si na meneja mauzo. Muulize mkutubi mwenzako swali hili moja: jarida likikataa kufunguka Ijumaa jioni, hufunguka tena lini?

OpenAthens ya Uingereza, iliyo chini ya Jisc, ni njia nyingine kabisa. Hapa hakuna kujifanya kwa IP. Mwanafunzi anaingia kwa akaunti ya chuo, na chuo kinamhakikishia mchapishaji kwamba huyu ni wetu; huu ndio utambulisho wa shirikisho. Kwa wale wachapishaji ambao bado wanajua IP tu, OpenAthens wanakuwekea proksi pembeni. Ni nzuri, na bei yake inajua kwamba ni nzuri.

Ninaloliona likipuuzwa ni kwamba KENET ina shirikisho lake la utambulisho, linaitwa RAFIKI, na limeungwa na eduGAIN, mtandao wa mashirikisho ya aina hiyo duniani. Chuo kikiunganisha akaunti zake na RAFIKI, wachapishaji wengi wakubwa wanafunguka bila proksi yoyote. Kazi ya kuunganisha ni ya mara moja na inahitaji fundi anayejua anachofanya, lakini ikishakamilika hakuna config.txt ya kukimbizana nayo. Ningekuwa na chuo chenye akaunti safi za barua pepe kwa kila mwanafunzi, ningeanzia hapa, kisha ningetafuta proksi ndogo kwa ajili ya wachapishaji waliobaki nyuma.

Kuna pia watakaokuambia wanaweza kukutengenezea ya bure kwa Apache au nginx. Wanaweza kweli. Tatizo ni pale yule kijana anapopata kazi Nairobi.

Seva ilale wapi

Hapa ndipo nina msimamo mkali: isilale Matasia.

Fikiria seva iko kwenye chumba nyuma ya kaunta yako. Mwanafunzi wa Kitengela anaomba makala. Makala inaingia chuoni kutoka kwa mchapishaji kupitia laini yenu, halafu inatoka tena kupitia laini ile ile kwenda Kitengela. Kila makala inalipiwa njia mara mbili. Chukua PDF ya megabaiti 3 na wanafunzi 40 wanaopakua kwa pamoja usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi: hizo ni megabiti 960, na kama laini yenu inapandisha megabiti 10 kwa sekunde, ni zaidi ya dakika moja na nusu ya kujaza laini yote, kama hakuna mwingine anayeitumia. Wanafunzi hawangoji muda huo. Wanabofya tena, na mambo yanazidi.

Halafu kuna stima. Proksi ni huduma ya usiku na ya wikendi, saa ambazo maktaba imefungwa na hakuna mtu wa kuwasha jenereta. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakwama, lakini si lazima tufike huko. Unajua mwenyewe ni mara ngapi stima hupotea kwenye barabara ya Ngong–Kiserian mvua ikianza. UPS ya dukani inakupa dakika za kuzima seva kwa heshima, haikupi usiku.

Tatu, IP. Laini nyingi za faiba za nyumbani na za biashara ndogo zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na anwani hiyo inaweza kubadilika. Mchapishaji hawezi kukubali anwani mnayoitumia na majirani, na hata akikubali, siku ikibadilika chuo kizima kinafungiwa nje. Lazima uwe na anwani ya kudumu iliyo yenu peke yenu. Na kumbuka kwamba mkihamisha seva au mkibadilisha kampuni ya intaneti, utawaandikia wachapishaji wote upya, na baadhi yao hawajibu upesi.

Kwa hiyo iweke mahali penye stima ya kudumu na laini pana. Kama ni mwanachama wa KENET, omba seva pepe kwao Nairobi. Njia ya pili ni seva ya kukodi kwenye kituo cha data cha hapa nchini. Ya tatu ni kumwachia mwenye programu aiweke kwake. Hii ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa mkutubi asiye na fundi, kwa sharti moja ambalo ni lazima liandikwe kwenye mkataba: anwani ya IP ambayo wachapishaji watawaona nayo iwe ya chuo chenu tu. Ukishirikishwa anwani moja na chuo kingine, mchapishaji atachanganya usomaji wenu na wao, na mmoja akifanya ujambazi wa kupakua mtafungiwa wote.

Seva ya ng'ambo si dhambi. Wengine huogopa kukatika kwa nyaya za baharini, kama zilivyokatika za EASSy na Seacom tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikazorota. Lakini siku kama hiyo hata proksi ya Nairobi haikusaidii sana, kwa sababu wachapishaji wenyewe wako ng'ambo. Linalokuhusu zaidi kuhusu ng'ambo ni sheria, nami nitalifikia.

Orodha ya wasomaji

Programu ikishawekwa, kazi halisi ndiyo inaanza, na kazi yenyewe ni orodha. Nani ana haki ya kuingia leo? Leseni za wachapishaji kwa kawaida zinaruhusu wanafunzi waliosajiliwa na wafanyakazi. Waliohitimu hawamo, na mke wa mhadhiri hayumo. Ukimwacha aliyemaliza miaka miwili iliyopita aendelee kuingia, umevunja mkataba ulioutia sahihi wewe.

Usitengeneze orodha ya nne. Chuo tayari kina ya msajili, ya Koha (mfumo wa maktaba) na ya barua pepe. Chagua moja ambayo hufutwa kwa wakati, uifanye ndiyo mlango. Kama Koha yenu inasasishwa kila muhula na tarehe za kuisha uanachama ni za kweli, EZproxy inaweza kuiuliza kwa itifaki ya SIP2, na mwanafunzi aliyepitwa na tarehe anakatiwa bila mtu kugusa kitu. Kama mna akaunti za Google au Microsoft kwa wanafunzi wote, tumia hizo, na uzungumze na ICT kuhusu siku zinapofungwa. Ninajua maktaba ambazo kila mwanafunzi alipewa jina moja la kuingilia la chuo kizima, limeandikwa kwenye ubao wa matangazo. Usifanye hivyo hata kwa wiki moja ya majaribio; litakuwa kwenye kundi la WhatsApp kabla ya chakula cha mchana.

Kuna swali ambalo litakuja tu kwa sababu tuko Kenya: wenye salio la karo wakatiwe? Ofisi ya fedha itapenda wazo hilo. Mimi silipendi, maana anayehangaika na karo ndiye asiyeweza kununua kitabu. Hata hivyo si uamuzi wako peke yako. Uletwe mezani mapema, uandikwe, usije ukaletewa majina kwa simu wiki ya mitihani.

Wezi

Machi 2018 serikali ya Marekani iliwashtaki Wairani tisa wanaohusishwa na taasisi iitwayo Mabna, kwa kuingilia vyuo vikuu 144 vya Marekani na 176 vya nchi nyingine 21. Moja ya mbinu za kundi hilo, ambalo watafiti wa usalama walilipa jina la Silent Librarian, ilikuwa barua pepe inayojifanya imetoka maktaba: akaunti yako ya maktaba inakaribia kuisha, bofya hapa uihuishe. Ukurasa wa kuingilia ulifanana na wa maktaba husika, na nywila zilizoandikwa hapo zikawafungulia majarida. Sci-Hub, tovuti inayogawa makala bila malipo iliyoanzishwa na Alexandra Elbakyan 2011, nayo kwa miaka mingi ilipata makala kwa kutumia akaunti za watu wa vyuo vikuu zilizopita kwenye proksi kama hizi.

Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu bei za majarida, mimi nina yangu. Ila mchapishaji akiona PDF mia tano zikipakuliwa kwa saa moja kupitia anwani yenu, hafuatilii ni nani. Anafunga anwani, na chuo kizima kinakosa jarida hilo mpaka umtafute mhusika na kuandika barua ya maelezo. Kwa hiyo dai mambo matatu kwenye programu yoyote: kikomo cha upakuaji kwa kila akaunti, kufungwa kwa anayekosea nywila mara nyingi mfululizo, na kumbukumbu inayoonyesha akaunti ipi ilifungua nini na saa ngapi. Kwenye EZproxy, agizo la kikomo linaitwa UsageLimit, nalo halifanyi kazi mpaka ulisimamishe mwenyewe. Wengi hawalisimamishi.

Kumbukumbu hiyo hiyo ni mzigo wa kisheria. Ni orodha ya nani amesoma nini: nani anatafuta makala za Ukimwi, nani za talaka, nani za namna ya kuacha dini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uwe na sababu ya kuitunza, uitunze kwa muda unaohitajika tu, na ikivuja kwa namna inayohatarisha wahusika, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Vyuo vya elimu vinatakiwa kusajiliwa na ofisi yake hata vikiwa vidogo. Seva ikiwa ng'ambo, au ya kampuni ya ng'ambo, unapeleka data za watu nje ya nchi, na sheria ina masharti yake. Pendekezo langu ni kutunza kumbukumbu zenye majina kwa miezi mitatu, muda unaotosha kumjibu mchapishaji, kisha kufuta majina na kubaki na hesabu za matumizi kwa ajili ya ripoti. Andika hivyo kwenye sera ya maktaba, ipitishwe na seneti au bodi ya chuo.

Bei

Karibu programu hizi zote hulipiwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi kama 129. Ankara ya dola 1,000 ilitofautiana kwa zaidi ya shilingi 30,000 ndani ya miezi sita, na hakuna aliyekuwa amekosea hesabu. Omba bajeti yenye nafasi hiyo. Muulize mhasibu pia kuhusu VAT ya asilimia 16 kwa huduma zinazonunuliwa nje, kabla ya kuombea fedha na siyo baada. Na muulize muuzaji bei ya mwaka wa pili na wa tatu, kwa maandishi. Punguzo la mwaka wa kwanza ni la kukufunga tu.

Kujaribu

Usikubali maonyesho yanayofanyiwa ofisini kwako. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo kila kitu hufunguka, kwa sababu mchapishaji anawajua hapo. Chukua simu ya kawaida, siyo ya meneja. Zima Wi-Fi, washa bando, utoke hadi stejini. Fungua kiungo kutoka Koha, ingia, tafuta makala, ipakue PDF yenyewe, maana mara nyingi ukurasa wa muhtasari hufunguka na PDF ikagoma. Rudia kwa kila mchapishaji kwenye ile karatasi ya mwanzo. Kisha mwombe mwanafunzi wa Isinya, mwingine wa Kitengela na mwingine anayerudi Bissil wikendi wafanye vivyo hivyo, wakutumie picha ya skrini pale inapokataa.

Viungo vyote kwenye Koha, Moodle na tovuti ya maktaba lazima vipitie proksi. Mwanafunzi akitoka Google moja kwa moja hadi kwa mchapishaji ataendelea kudaiwa dola, na atakuja kukwambia, "Madam, ile kitu haifanyi." Wengi wataanzia Google, tusijidanganye. Mwekee alamisho ya kivinjari inayouingiza ukurasa alioko ndani ya proksi, na kwenye mafunzo ya wanafunzi wapya mfundishe hiyo kabla ya kumfundisha namba za Dewey.

Kabla ya kutia sahihi

Soma kipengele cha kuondoka kabla ya kipengele cha bei. Jina proksi.chuochako.ac.ke lisajiliwe na chuo chini ya jina lenu la KeNIC (wasimamizi wa majina ya .ke), kamwe lisiwe jina la muuzaji, ili mkibadilisha programu viungo elfu vilivyomo kwenye Koha na kwenye tasnifu za wanafunzi viendelee kufanya kazi. Dai nakala ya mipangilio yote ya wachapishaji kila mwaka, hata kama huelewi kilichomo. Fundi atakayekuja ataielewa. Na nywila ya msimamizi iwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mkuu wa chuo, pamoja na orodha ya barua pepe za kila mchapishaji wa kuandikiwa siku IP itakapobadilika.